Bahari Ipo, Maji Hayapo: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Zimamoto, Mji Mkongwe na Fukwe za Unguja

Kwa Waheshimiwa wakuu wa zimamoto, wa hifadhi ya Mji Mkongwe, wa utalii na wa uwekezaji,
Unguja.

Waheshimiwa,

Nakuandikieni hadharani, kwa adabu lakini bila ya kuzungukazunguka, kwa sababu jambo lenyewe halina mlango mmoja wa kubisha. Upana wa kichochoro ni wa hifadhi. Maji ni ya wenye maji. Kibali cha hoteli na gati lake ni cha uwekezaji na utalii. Moto ni wa zimamoto. Kila mmoja wenu kashika kipande chake, na anayelala ghorofa ya tatu Kiponda hajui amwandikie nani.

Hoja yangu ni hii: tunajiandaa kuzima moto wa mji mwengine, mji wenye barabara pana na nyumba zilizopangwa kwa rula. Kila yanapotajwa maandalizi, tunahesabu magari. Nusu ya mji huu gari haliingii, na kwenye gati la mbao lililoingia baharini haliingii kabisa. Tunachohitaji ni maji yaliyokwishafika kabla ya gari, na watu walio jirani wanaojua kuyafungua.

1. Gari likifika, halijafika

Chukueni ramani. Gari kubwa la faya linapita Mizingani, linapita Kenyatta, linapita barabara ya Darajani. Baada ya hapo basi. Hurumzi, Sokomuhogo, Kajificheni, Mkunazini ya ndani: huko njia ni ya mtu, vespa na rukwama, na wawili wakikutana mmoja hujibanza kwenye mlango wa watu mwengine apite. Mpira wa maji lazima uvutwe kwa mikono, kipande kwa kipande. Kila kona hutaka kuukunja, na kila kipande kinachoongezwa hula nguvu ya maji. Aliyeshika ncha, kasimama ngazini ghorofa ya pili, huenda akabakiwa na maji ya kumwagilia mirihani.

Halafu hesabu. Gari lenye tangi la lita 5,000, likifungua mpira mmoja tu unaomwaga lita 400 kwa dakika, limekauka kabla ya dakika ya 13. Mipira miwili, dakika 6 na ushei. Baada ya hapo lipate bomba la mtaani lenye maji, au liende kujaza. Na maji ya mfereji katika mji huu, nyote mnajua, huja kwa zamu.

Sisemi haya kuwavunja moyo vijana wa zimamoto. Hao ndio watakaoingia ndani wakati sisi tunakimbia nje, na wao ndio wa kwanza kustahili zana zinazolingana na mji wanaoulinda. Lakini gari jipya likipokelewa hupigwa picha na kukatiwa utepe. Pampu ya kubebwa na watu wanne haipigwi picha na mtu, na nadhani hapo ndipo penye ugonjwa.

Ombi langu hapa ni mambo mawili. Tangazeni orodha ya kila bomba la zimamoto lililomo Mji Mkongwe: lipo wapi, lilifunguliwa mara ya mwisho lini, na lilitoa maji kiasi gani. Sitaki ripoti ya kurasa mia. Nataka karatasi moja ibandikwe kwa kila sheha. Kama yote yanatoa maji, hilo nalo tuambiwe tulale. Pili, pampu za kubebwa na mipira yake ziwekwe ndani ya mji, kwenye rukwama yenye magurudumu yanayopita vichochoroni, katika vituo vidogo vinavyofunguka usiku na mchana. Pikipiki yenye pampu ndogo na askari wawili itafika Hurumzi wakati gari bado linatafuta pa kugeuzia.

2. Bahari imetuzunguka

Mji Mkongwe ni rasi. Bahari iko Shangani, iko Forodhani, iko Malindi. Hata upande wa Darajani palikuwa na mkono wa bahari, mpaka ulipofukiwa ikapita barabara. Kutoka ukuta wa Forodhani hadi katikati ya mji ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mji wa namna hii ukiungua kwa kukosa maji, hiyo itakuwa aibu ya uhandisi, tusije tukaisingizia kudra.

Njia ya kufanya inajulikana. Chini ya kichochoro hulazwa bomba kavu, tupu siku zote, lenye mdomo mmoja ukutani mwa bahari na midomo mingine kila baada ya mita 50 au 60 ndani ya mtaa. Moto ukitokea, pampu inafungwa pale pwani, bomba linajaa, na zimamoto anafungua kwenye kona iliyo jirani na nyumba inayowaka badala ya kuburura mpira tangu Mizingani. Vichochoro vyetu huchimbwa kila leo kwa ajili ya nyaya na mabomba mengine. Siku mojawapo ya kuchimba, kabla ya shimo kufukiwa, lazeni na hili.

Ila apange mtu anayeijua bahari yetu. Siku za bamvu maji hapa hupanda na kushuka karibu mita 4. Bomba la kufyonzea lililowekwa kwa kutazama maji ya siku ya uzinduzi, yakiwa yamejaa tele, litakuja kuvuta mchanga na hewa usiku maji yakiwa yamekupwa. Waulizeni wavuvi wa Malindi kabla ya kumlipa mshauri.

Najua mtaniambia chumvi. Kweli, maji ya bahari hula pampu isiposukutuliwa kwa maji baridi, na kweli huumiza chokaa na mawe. Basi pampu isukutuliwe. Na ukuta ulioingia chumvi fundi wetu wa chokaa ana la kuufanya. Jivu hana la kulifanya.

Mnaotaka mfano wa mji usioingia gari, tazameni Venice, Italia. Faya ya kule hutumia boti. Mifereji ndiyo barabara yao na ndiyo tangi lao. Usiku wa tarehe 29 Januari 1996 jumba lao la opera, La Fenice, likawaka likiwa kwenye matengenezo. Mifereji ya jirani ilikuwa imekaushwa isafishwe. Boti hazikuweza kusogea, maji yakavutwa kutoka mbali, helikopta ikaletwa kumwaga maji kutoka juu, na hadi kunakucha zimebaki kuta. Mafundi wawili wa umeme walitiwa hatiani kwa kulichoma ili kukwepa faini ya kuchelewesha kazi, na jumba halikufunguliwa tena hadi Desemba 2003. Watu wengi wanakumbuka wale wachomaji. Mimi nakumbuka ile mifereji. Mhalifu hatumjui atatokea wapi, lakini siku ya kukausha maji hupangwa na ofisi, na ofisi inaweza kuulizwa.

Kwa hiyo naomba kila kazi ya kufunga maji, kufukua barabara au kuziba njia ndani ya Mji Mkongwe ipite kwanza mikononi mwa zimamoto, na iwepo sahihi ya mtu mwenye jina. Na kila jengo kubwa linalofanyiwa matengenezo liwe na mlinzi wa moto baada ya mafundi kuondoka, khasa siku za kuchomelea na kupaka rangi.

3. Nyumba zetu huwakia ndani

Mgeni huona mawe na chokaa akadhani nyumba haziungui. Mwenyeji anajua kuwa sakafu zimebebwa na boriti za mikoko zilizokauka miaka nenda miaka rudi, na kwamba boriti zikiliwa, ukuta nao umekosa wa kuushika. Sehemu kubwa ya jumba la Beit el Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 bila ya njiti ya kiberiti, na watu wawili wakafa. Nyumba chakavu ya Sokomuhogo ikipata moto na maelfu ya lita za maji kwa pamoja, itasimama kwa kushikwa na nini? Zimamoto anayetumwa humo ana haki ya kujua ukuta upi haifai kusimama chini yake. Ramani hiyo inaweza kuchorwa sasa, mchana, na watu wa hifadhi wanaozijua nyumba moja moja.

Juu ya nyumba hizo tumeongeza mgahawa wa makuti darini, jiko la gesi na mitungi yake, viyoyozi, nyaya zilizosokotana ukutani, na nondo kila dirisha. Ngazi imebaki ile ile moja ya mbao, upana wa mabega. Nondo zinamzuia mwizi, sawa. Zinamzuia na mtoto kutoka.

Anayetaka kibali cha mgahawa wa darini aonyeshe kwanza njia ya pili ya kutokea. Nyumba zetu zimepakana mgongo kwa mgongo. Mlango wa kuvukia dari la jirani, kwa maandishi na kwa ridhaa ya jirani, unawezekana. Mitungi ya gesi isipandishwe juu. Kila ghorofa iwe na dirisha moja la nondo zinazofunguka kwa ndani. Kuhusu umeme sitasema mengi, kwa sababu kila mtu anayatazama yale mabunda ya nyaya kila siku na kila mtu anajua.

4. Magati ya mbao na hoteli za makuti

Hapa ndipo naona tunajenga msiba kwa kibali.

Wenye hoteli wengi wa mashariki na kaskazini ya kisiwa siku hizi wanataka gati: mbao zinazoingia baharini, na mwishoni baa, au mgahawa, au vyumba vya fungate, vyote vimeezekwa makuti. Ni pazuri, sibishi. Lakini moto wa gati una tabia zake. Upepo hupita chini ya mbao, hivyo moto hupata hewa juu na chini. Njia ya kuingilia ndiyo ya kutokea, na ndiyo hiyo hiyo inayowaka. Zimamoto akikanyaga hajui nguzo za chini zimebaki unene gani. Akimwaga maji kwa juu, mbao zenyewe zinaukinga moto ulio chini yake. Na walioko ncha ya mbali hawana pa kwenda ila majini, usiku, na wengine wao, wageni kwa wahudumu, hawajui kuogelea.

Waingereza, walioijaza pwani yao magati ya starehe tangu karne ya 19, wamelilipia somo hili zaidi ya mara moja. Gati la Southend, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, liliungua kichwani mwake mwaka 1976 na tena Oktoba 2005. La Hastings likateketea Oktoba 2010. Ningependa hata hivyo muweke mezani lile la Brighton liitwalo West Pier. Lilifunguliwa mwaka 1866, likafungwa 1975, likaachwa lichakae watu wakibishana nani alipie. Desemba 2002 sehemu yake ikaanguka baharini pamoja na njia. Tarehe 28 Machi 2003 banda la mwishoni likashika moto, na faya ya nchi tajiri, yenye kila kifaa, haikuweza kulifikia. Mei ya mwaka ule ule ukumbi wa muziki nao ukaungua. Vifaa walikuwa navyo; walichokosa ni njia, nayo ilikwisha kabla ya moto kuwaka.

Kwetu kuna na la kupwa. Pwani ya mashariki, maji yakipwa siku za bamvu, bahari hukimbia mpaka unaiona kama mstari mweupe kule mwambani, na gati linabaki limesimama juu ya mchanga na mwani. Boti ya zimamoto haisaidii kitu pahali ambapo hata ngalawa imelala ubavu. Pale Pingwe upo mgahawa juu ya mwamba: maji yakipwa unauendea kwa miguu, yakijaa kwa boti. Mipango ya moto ya jengo kama lile lazima iwe miwili, wa kupwa na wa kujaa, na mhudumu ajue leo ni siku ya upi.

Kwa hiyo kibali cha gati kisitoke bila ya haya. Bomba la maji lipite urefu wote wa gati, na matundu yake yaelekee chini ya mbao, si juu tu. Katikati ya gati na jengo la mwishoni pawe na kipande cha mita kadhaa kisicho cha mbao, moto ufike hapo ukose cha kula. Ziwepo ngazi za kushukia majini pande zote mbili, na maboya yake. Jiko la kukaangia libaki nchi kavu. Na gati lililofungwa kwa uchakavu livunjwe au litengenezwe kwa tarehe inayojulikana, lisiachwe kama lile la Brighton.

Upande wa maji, hoteli zetu zinayo tayari na hazijui. Bwawa la kuogelea la mita 10 kwa 5, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, lina lita 75,000. Kwa ule mpira wetu wa lita 400 kwa dakika, hayo ni maji ya zaidi ya saa tatu. Kinachokosekana ni pampu ya dizeli isiyotegemea umeme wa hoteli, ikae upande wa upepo mbali na makuti, na mtu wa zamu ya usiku aliyewahi kuiwasha kwa mkono wake mwenyewe.

Makuti siwaambii muyapige marufuku. Ni paa letu, yana ubaridi wake, na watu wanaishi kwa kuyasuka. Lakini kaskazi ikishika na jua likiyakausha, cheche moja husafiri na upepo kutoka banda hadi banda. Dawa za kuzuia moto hufaa, ila mvua huzisafisha, na iliyopuliziwa mwaka wa ufunguzi tu haimlindi mtu. Tazameni Shirakawa-go, kijiji cha Japani kilichomo kwenye orodha ile ile ya UNESCO ulimo Mji Mkongwe. Nyumba zao zina mapaa makubwa ya nyasi. Wametega mizinga ya maji katikati ya nyumba, maji yanashuka yenyewe kutoka tangi lililo juu mlimani, na kila mwaka siku moja huifungua yote kwa pamoja, kijiji kizima kikafunikwa na maji. Kila siku wakaazi huzunguka kwa zamu kukumbushana habari ya moto. Hawakuacha nyasi. Wamejua wanaishi chini ya nini.

Na tusijidanganye kuhusu nani anaungua. Hoteli ya makuti ikiteketea, mgeni hupatiwa chumba kwengine na mwenye mali hufungua faili la bima. Kijana wa Bwejuu aliyekuwa akihudumu pale anarudi kwao hana kazi, kama karudi. Chumba cha wafanyakazi aghalabu kiko nyuma ya jiko, kina mlango mmoja. Wakaguzi waanzie huko.

5. Watu wa dakika za mwanzo

Kabla ya askari yeyote kufika, tupo sisi, na wengine wameshaliona hilo. Tetemeko la Oktoba 1989 lilipovunja mabomba ya maji ya mtaa wa Marina, San Francisco, boti kongwe ya zimamoto iitwayo Phoenix ilisogezwa ikasukuma maji ya bahari, na raia wakashika mipira pamoja na askari. Baada ya hapo mji ule ukaanza kuwafundisha wakaazi wake rasmi. Hapa kwetu vijana wa barazani hukimbilia moto bila ya kuitwa, na ndoo, na madumu, na ujasiri usiojua gesi inalipuka vipi. Wafundisheni. Kila shehia ya Mji Mkongwe iwe na watu kumi, wanawake wakiwemo, maana mchana majumbani ni wao waliopo. Wajue kufungua bomba, kuzima umeme wa nyumba, kufunga mtungi, na zaidi ya yote kujua lini watoke waache.

6. Tarehe

Ahadi isiyo na mwezi tumeizoea. Naomba orodha ya mabomba itangazwe kabla ya kaskazi kushika mwezi wa Desemba, na ukaguzi wa magati na vyumba vya wafanyakazi uwe umekwisha kufika hapo. Pampu za rukwama na mafunzo ya shehia visipite mwaka mmoja. Bomba kavu la kwanza, hata moja tu, kutoka Mizingani hadi Hurumzi, liwemo katika bajeti ijayo, tulione limeandikwa kwa tarakimu.

Na kabla ya yote hayo, jambo lisilohitaji bajeti. Fanyeni zoezi la moto Hurumzi, usiku, siku ya bamvu, maji yakiwa yamekupwa, bila ya kutuambia ni usiku gani. Chagueni nyumba, toeni taarifa ya uongo, na mshike saa: dakika ngapi mpaka tone la kwanza lifike dirisha la ghorofa ya tatu. Kisha jibu hilo litangazwe redioni, likiwa zuri au baya. Sisi wa mtaani tutakuja kuvuta mpira.

Wasalaam,
Mkaazi wa Kiponda